Saa 24 na Bastola: Kisa cha Walimu wa Madison, Ohio

Jumatatu tarehe 29 Februari 2016, wakati wa chakula cha mchana, mwanafunzi wa miaka 14 alichomoa bastola ndani ya bwalo la Shule ya Sekondari ya Madison, kaunti ya Butler, kusini-magharibi mwa jimbo la Ohio, Marekani, akaanza kufyatua. Wanafunzi wanne waliumia. Wawili walipigwa risasi, wawili wengine waliumizwa na vipande vilivyoruka na purukushani za kukimbia. Hakufa mtu. Askari wa kaunti aliyepangiwa kazi pale shuleni, Kent Hall, alimkimbiza kijana yule mpaka nje ya jengo. Kijana akaitupa bastola, na haukupita muda akakamatwa. Bastola yenyewe aliitoa kwa jamaa zake.

Kwa kipimo cha nchi ile, tukio hili lilikuwa dogo na habari zake zilipoa upesi. Lakini ndilo lililozaa uamuzi wa bodi ya shule, kesi iliyopanda hadi Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwishowe sheria inayotumika Ohio nzima hadi leo. Nimelichukua hili badala ya mauaji makubwa yanayojulikana kwa sababu mjadala wa kuwapa walimu silaha huwa unazungumzwa kwa jumla mno: bunduki ni nzuri, bunduki ni mbaya, walimu ni mashujaa, walimu si askari. Madison unakutana na watu halisi waliolazimika kujibu swali moja dogo na gumu: mtu afunzwe kiasi gani kabla ya kuruhusiwa kushika bastola katikati ya watoto wa wenzake?

Miaka miwili baada ya tukio la bwaloni, tarehe 14 Februari 2018, watu 17 waliuawa katika shule moja ya sekondari huko Parkland, Florida. Nchi ikawaka moto wa hoja. Kaunti ya Butler, mkuu wa polisi Richard Jones, ambaye cheo chake hupatikana kwa kura, alitangaza mafunzo ya bure ya kubeba silaha kwa watumishi wa shule, na mamia wakajiandikisha. Aprili mwaka huohuo bodi ya shule ya Madison ilipitisha azimio la kuwaruhusu baadhi ya watumishi wake kubeba bastola zilizofichwa wakiwa kazini. Masharti yalikuwepo. Mhusika awe na kibali cha kubeba silaha, achunguzwe rekodi ya jinai na afya ya akili, apate saa 24 za mafunzo ya kumkabili muuaji aliyeingia shuleni, na apimwe upya kila mwaka.

Bodi haikuwa ya watu wakorofi, na sitaki kisa kisomwe hivyo. Madison ni eneo la mashamba na makazi yaliyotawanyika. Watu wa pale wamezaliwa wakikuta bunduki ndani ya nyumba, za kuwindia na za kujilinda. Bwalo lao lilikuwa limekwisha kunusa baruti. Wajumbe wa bodi walijua kwa macho yao kwamba kilichoumaliza mkasa wa 2016 ni mtu mmoja mwenye silaha aliyekuwa karibu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: askari mmoja hawezi kuwa kila korido, kwa hiyo tuongeze watu.

Wala Madison haikuwa ya kwanza. Baada ya mauaji ya Sandy Hook ya Desemba 2012, ambako watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya msingi, taasisi moja ya watetezi wa silaha huko Ohio ilianzisha kozi ya siku tatu kwa walimu na wakuu wa shule, iitwayo FASTER. Katika mji wa Sidney, kaunti ya Shelby, wilaya ya elimu iliweka ndani ya shule makasha ya chuma yanayofunguka kwa alama ya kidole, na ndani yake bastola na fulana ya kuzuia risasi kwa ajili ya watumishi waliochaguliwa. Sidney iliajiri pia walinzi wenye silaha. Wilaya kadhaa zilifanya mambo kama hayo kimyakimya kwa miaka. Madison iliingia mahakamani kwa sababu wazazi wake walikataa kunyamaza.

Septemba 2018 kundi la wazazi lilifungua kesi. Wengi wa waliosimulia kesi hii wanasema wazazi walitaka bunduki zipigwe marufuku shuleni. Sivyo ilivyokuwa. Walidai bodi ifuate sheria ya mafunzo iliyokuwepo tayari.

Ohio ilikuwa na vifungu viwili. Cha kwanza kinakataza silaha za kuua katika eneo la shule, isipokuwa kwa mtu aliyepewa ruhusa ya maandishi na bodi. Bodi ikasimama juu ya hicho. Cha pili, wakati ule, kilisema shule isimwajiri mtu kuwa polisi maalumu, mlinzi, au katika nafasi nyingine yoyote ambayo mhusika anakuwa na silaha akiwa kazini, mpaka awe amemaliza mafunzo ya msingi ya polisi au ametumikia upolisi kwa miaka 20. Mafunzo hayo ya msingi yanazidi saa 700. Wazazi wakasimama juu ya hicho cha pili.

Bodi ikajibu kwamba mwalimu wa hisabati ameajiriwa kufundisha hisabati, na bastola aliyonayo kiunoni haimgeuzi kuwa mlinzi. Wazazi wakasema mtu mwenye silaha kazini ni mtu mwenye silaha kazini, mengine ni maelezo ya mkataba tu.

Mahakama ya kaunti ilikubaliana na bodi mwaka 2019. Mahakama ya Rufaa ikapindua hukumu hiyo Machi 2020. Tarehe 23 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Ohio ikaamua kwa kura nne dhidi ya tatu kwamba wazazi wako sahihi. Hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Maureen O'Connor, wa chama cha Republican, aliyeungana na majaji watatu wa Democratic. Ruhusa ya bodi, walisema majaji wale wanne, haimwondolei mtu wajibu wa kufunzwa. Kama wabunge wanataka vingine, wabadilishe sheria wenyewe.

Naiona hukumu ile kuwa ya haki kwa sababu rahisi. Risasi iliyotoka kwenye bastola ya mwalimu na ile iliyotoka kwenye bastola ya mlinzi zinaingia mwilini kwa namna ileile. Sharti la mafunzo liliwekwa kwa ajili ya watu waliosimama mbele ya mtutu, wala halikuangalia cheo cha aliyeshika kitako.

Wabunge walikuwa wamekwisha kuusikia mlango ukigongwa. Muswada namba 99 wa Baraza la Wawakilishi uliletwa na Thomas Hall, mbunge wa Republican anayetokea Madison kwenyewe. Ni mtoto wa Kent Hall, yule askari aliyemkimbiza kijana mwenye bastola mwaka 2016.

Hapa ndipo kisa kinaponigusa zaidi. Mtoto ameona baba yake akiondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni akiwa amesimama kati ya watoto na risasi. Nani atamlaumu kwa kuamini kwamba mtu mwenye silaha aliye karibu ndiye anayeokoa? Ameiona kwa damu yake. Lakini baba yake alikuwa nani siku ile? Alikuwa askari wa kaunti, mwenye saa mamia za mafunzo, aliyevaa sare, ambaye kazi yake siku nzima ilikuwa ulinzi na hakuwa na daftari la kusahihisha. Tukio la Madison linathibitisha faida ya askari aliyefunzwa kuwapo shuleni. Halithibitishi kwamba mwalimu mwenye saa 24 angefanya alichofanya Kent Hall. Muswada wa mwana ulichukua ushujaa wa baba ukaacha mafunzo yake nyuma, na ndiyo dosari yake kubwa.

Ulipokuwa unakaribia kupita, yakatokea ya Uvalde. Tarehe 24 Mei 2022 kijana mmoja aliingia shule ya msingi katika mji huo wa Texas akaua watoto 19 na walimu wawili. Maafisa 376 wa vyombo mbalimbali vya usalama walifika eneo lile, na bado zilipita dakika 77 tangu wa kwanza kuwasili mpaka muuaji kuuawa. Katika siku zile za uchungu kila upande uliibeba Uvalde kwa mkono wake. Wanaounga mkono walisema: mmeona, polisi hawaji kwa wakati, mwalimu asiachwe mikono mitupu mlangoni. Wanaopinga walisema: mmeona, watu wenye sare, fulana na bunduki nzito wameganda kwenye korido, sasa mnategemea nini kwa mwalimu wa darasa la pili mwenye bastola moja? Binafsi naona hoja ya pili ina uzito zaidi, ingawa ile ya kwanza haistahili kudharauliwa na mtu yeyote mwenye mtoto shuleni.

Gavana wa Ohio, Mike DeWine, aliutia saini muswada wa Hall tarehe 13 Juni 2022, hazijatimia wiki tatu tangu Uvalde, na sheria ikaanza kutumika Septemba. Chama cha polisi cha jimbo kilikuwa kimeipinga. Vyama viwili vikubwa vya walimu viliipinga. Katika vikao vya Seneti watu mamia walitoa maoni ya kuikataa, waliojitokeza kuiunga mkono walikuwa wachache. Ikapita. Siku ileile iliposainiwa, sheria nyingine ya Ohio ilianza kazi: inayomruhusu mtu wa miaka 21 na kuendelea kubeba bastola iliyofichwa bila kibali na bila mafunzo. Kabla ya hapo kibali kilidai saa nane za mafunzo.

Tuje kwenye zile saa, maana ndiko kesi nzima iliko.

Chini ya sheria mpya, mafunzo ambayo jimbo linaweza kumdai mtumishi wa shule kabla hajabeba silaha hayazidi saa 24. Kisha kila mwaka, yasiyozidi saa nane. Ndani ya zile 24 kuna jinsi ya kumzuia mtu anayeua, jinsi ya kutuliza ugomvi kabla haujafika kwenye silaha, huduma ya kwanza kwa majeruhi, namna ya kuwakutanisha watoto na wazazi baada ya mkasa, na angalau saa nne za mazoezi ya kuigiza tukio lenyewe. Bodi ya shule ikitaka kuongeza, inaweza. Jimbo ndilo lililojifunga mikono lisidai zaidi. Sharti kuu lingine ni kuchunguzwa rekodi ya jinai kila mwaka. Uchunguzi wa afya ya akili, ambao bodi ya Madison ilikuwa imejiwekea yenyewe, haumo kama sharti la jimbo.

Sasa weka hayo kando ya jambo ambalo kila familia ya Ohio yenye kijana inalijua. Kijana wa chini ya miaka 18 anayetafuta leseni ya udereva katika jimbo hilohilo hupitia saa 24 za darasani, saa nane barabarani na mwalimu wa udereva, halafu saa 50 za mazoezi akiwa na mzazi au mlezi, kumi kati ya hizo usiku. Ndivyo jimbo linavyomwandaa mtoto wa miaka 16 kupeleka gari dukani.

Watetezi wa sheria wana jibu, na si la kipuuzi. Wanasema zile saa zaidi ya 700 za polisi zimejaa mambo yasiyomhusu mwalimu: kusimamisha magari, kupima ulevi wa madereva, kuandika ripoti, sheria za upekuzi wa nyumba. Gavana alilisema hili waziwazi, kwamba muswada umeondoa mamia ya saa zisizo na uhusiano na usalama wa shule. Nakubali kwamba mwalimu hana haja ya kujua kusimamisha lori. Lakini kutoka 700 kushuka hadi 24 si kupepeta pumba. Florida, jimbo ambalo haliwezi kuitwa adui wa silaha, ilipotunga mpango wake baada ya Parkland iliweka saa 144, zaidi ya nusu zikiwa za silaha yenyewe. Ohio ilikuwa na nafasi pana kati ya 24 na 700 ya kutafuta kiwango kinachoeleweka. Haikuitafuta. Ilichagua namba ambayo bodi ya Madison ilikuwa imeiweka kabla ya kushindwa mahakamani.

Na kwa nini saa zina uzito? Kwa sababu kumlenga binadamu anayekupiga risasi ni kazi ambayo hata wanaoifanya kwa mshahara hukosea mara nyingi. Utafiti wa taasisi ya RAND kuhusu polisi wa jiji la New York, uliotolewa mwaka 2008, uliangalia miaka ya 1998 hadi 2006. Katika mapambano ambayo mtuhumiwa naye alikuwa anarusha risasi, risasi za polisi zilizofika zilipolengwa zilikuwa asilimia 18. Hao ni watu wa mafunzo ya miezi na mazoezi ya shabaha ya kila mara. Risasi nyingine huishia ukutani, dirishani, au kwa asiyehusika. Bwalo la shule mchana lina watoto kila upande wa anayelengwa: wanaokimbia, waliolala chini ya meza, waliosimama tu kwa kupigwa na butwaa.

Tuirudishe picha hiyo Madison. Mwenye bastola alikuwa mwanafunzi wa shule ileile, miaka 14. Katika mikasa mingi ya shule za Marekani anayefyatua ni mwanafunzi wa sasa au wa zamani wa shule husika, wala si mgeni kutoka mbali. Kwa hiyo mwalimu tunayemwandaa anaandaliwa kumpiga risasi mtoto aliyemfundisha. Anamjua jina. Pengine wiki iliyopita alizungumza na mama yake kuhusu maksi. Polisi wa kawaida, anapofyatua, kwa kawaida hamjui aliye mbele yake. Sijui ni mafunzo ya aina gani yanayoweza kumwandaa mwalimu kwa sekunde ile, lakini nina hakika hayaingii katika siku tatu. Na akisita kwa nusu dakika, nitamwelewa kabisa. Tatizo ni kwamba mpango wote umejengwa juu ya matumaini kwamba hatasita.

Kuna jingine linalosemwa na polisi wenyewe. Wanapofika kwenye jengo lenye milio ya risasi, wanamtafuta mtu mwenye bunduki. Mwalimu aliyevaa nguo za kawaida na bastola mkononi anafanana mno na wanayemtafuta.

Mkasa mkubwa, kwa rehema za Mungu, hautokei katika shule nyingi. Bastola, hata hivyo, huwapo kila siku ya masomo, kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Machi 2018 huko Seaside, California, mwalimu ambaye pia alikuwa polisi wa akiba alifyatua risasi kwa bahati mbaya darasani, katikati ya somo la usalama wa silaha, akagonga dari na mwanafunzi akaumizwa na vipande vilivyoanguka. Ohio kwenyewe, mwaka 2019, katika wilaya ya Highland, kaunti ya Morrow, mtoto wa darasa la kwanza alifikia bastola ya mtumishi aliyeruhusiwa na bodi, iliyokuwa imeachwa ofisini bila mwenyewe. Hakuumia mtu. Lakini darasa la kwanza ni miaka sita au saba.

Upande wa pili wa mizani upo na haupaswi kufichwa. Shule ya kijijini ambayo polisi wake wa karibu yuko mwendo wa dakika ishirini ina hofu ya kweli. Mauaji mengi ya shuleni humalizika katika dakika chache, mara nyingi kabla polisi hawajafika. Mwalimu aliyejifungia na watoto wake 25, akisikia milio ikisogea, ana haki ya kuuliza kwa nini yeye pekee hana cha kujitetea nacho. Anayempinga akishindwa kumpa jibu la maana, amemwacha peke yake nyuma ya mlango.

Jibu la maana, nionavyo, linaanzia kabla ya mlango. Idara ya Marekani inayolinda viongozi, ambayo pia huchunguza mashambulizi ya shuleni, ilitoa mwaka 2019 uchambuzi wa mashambulizi 41 ya kati ya 2008 na 2017. Wote waliofanya mashambulizi walikuwa wameonyesha kwanza mwenendo wa kutia wasiwasi. Kati ya waliotumia silaha za moto, robo tatu waliipata nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Kijana wa Madison yumo katika mkumbo huohuo, bastola yake ilitoka kwa jamaa zake. Kasha lenye kufuli katika nyumba moja huenda lingezuia yote haya: majeruhi wanne, kesi ya miaka mitatu, na sheria yenyewe. Muswada namba 99 haukugusa namna silaha zinavyotunzwa majumbani.

Watafiti waliochapisha mwaka 2021 katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani walikusanya mikasa 133 ya shule kati ya 1980 na 2019, wakakuta kwamba penye mlinzi mwenye silaha kiwango cha vifo kilikuwa karibu mara tatu ya pasipo na mlinzi, hata baada ya kuzingatia tofauti nyingine. Maelezo yao ni kwamba wengi wa wanaofanya mashambulizi haya wameshaamua kufa, kwa hiyo mtu mwenye silaha hawatishi. Sipendi kuutumia utafiti huu kama nyundo, kwa kuwa idadi ya mikasa ni ndogo na ni vigumu kutenga chanzo na matokeo. Unatosha kuonyesha kwamba ile dhana ya "mwenye nia mbaya ataogopa akijua walimu wana silaha" haina msingi ulioonekana.

Baada ya sheria, bodi za miji mikubwa kama Columbus na Cleveland zilikataa kuitumia. Ohio ina zaidi ya wilaya 600 za elimu, na zilizojiandikisha kuruhusu silaha ni sehemu ndogo, nyingi zikiwa za vijijini na miji midogo. Hii inanipa picha ya shule zenyewe zaidi ya hotuba yoyote: mlango ulipofunguliwa, nyingi hazikuingia.

Kwa wasomaji wa Kiswahili jambo hili si la mbali kama linavyoonekana. Columbus, Dayton, Cleveland na miji mingine ya Ohio ina familia nyingi za Wakongo waliokuja kama wakimbizi, pamoja na Wakenya, Watanzania na Wasomali wanaokijua Kiswahili. Watoto wao wako kwenye mabwalo hayo. Baadhi ya wazazi hao walikimbia Kivu kwa sababu ya mtu mwenye bunduki aliyefika karibu na shule. Sheria inaitaka bodi iliyoruhusu silaha iutangazie umma kwa njia zake za kawaida za mawasiliano. Kwa hiyo taarifa huja kwa barua pepe, kwenye tovuti ya wilaya, au ndani ya bahasha ya mwanzo wa muhula ikiwa katikati ya fomu za chanjo na za basi, kwa Kiingereza cha kiofisi. Haitaji majina. Orodha ya wanaobeba hupelekwa kwa kituo cha jimbo cha usalama wa shule na haiwi wazi kwa umma. Mzazi atajua kwamba wapo, hatajua ni nani.

Anachoweza kufanya mzazi ni kuihoji bodi, maana sheria imeiachia bodi karibu kila kitu. Wajumbe huchaguliwa kwa kura katika miaka isiyogawanyika kwa mbili, na vikao vyao huwa wazi. Kupiga kura kunahitaji uraia, lakini kuuliza kikaoni hakuhitaji. Maswali yenye tija ni yale ambayo Madison ililazimika kuyajibu mbele ya majaji. Mafunzo ni ya saa ngapi hapa kwetu, zile 24 tu au tumeongeza? Kuna uchunguzi wa afya ya akili? Bastola inakaa mwilini mwa mtumishi au ndani ya kasha, na funguo ziko kwa nani? Mtumishi akihama au akiugua, nani anahakikisha ruhusa yake imefutwa? Polisi watakaokuja mbio watamtambuaje? Mzazi aombe mkalimani mapema, aulize, na atake majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.